Kwa nini ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kuyeyushwa katika maji na kunywewa na anayehara) ina sukari?

Swali: Tunafundishwa kuwa maji hupita kwenye utando wa seli kwa osmosisi. Kwa nini basi mgonjwa wa kipindupindu asinywe maji matupu?

Jibu: Kwa sababu seli haisukumi maji; maji hufuata chumvi inakokwenda. Katika seli za utumbo mwembamba, protini moja iliyopenya utando hupitisha ioni 2 za sodiamu pamoja na molekuli 1 ya glukosi, na glukosi isipokuwepo kazi hiyo husimama. Robert Crane alilieleza jambo hili Prague mwaka 1960. Nguvu ya protini hiyo hutoka upande wa pili wa seli, ambako pampu hutumia ATP kuitoa sodiamu kuelekea damuni, hivyo ndani hubaki kidogo na nyingine huvutwa kuingia. Sumu ya kipindupindu huilazimisha seli kumwaga kloridi utumboni, na maji huifuata. Protini ile ya glukosi, kwa bahati kubwa, haiguswi, ndiyo maana ORS hufaulu pale maji matupu yanaposhindwa.

Wapo wanaoikataa ORS kwa kuwa mtoto anaendelea kuhara. Ni kweli haizuii kuhara, ila kinachoua ni kupungukiwa maji na chumvi, na ORS huvirudisha vyote viwili. Wengine huongeza sukari wakidhani watasaidia zaidi. La hasha! Sukari isiyofyonzwa hubaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Soda nayo hudhuru vivyo hivyo. Ndiyo maana tangu 2002 WHO hupendekeza sodiamu na glukosi milimoli 75 kila moja kwa lita, pungufu kuliko zamani. Basi fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.