Shashi Mkononi, Kiswahili Kinywani

Likizo ikifika wengi wetu huachiwa wadogo zetu nyumbani. Mvua ikinyesha hakuna kutoka, na pesa za kununulia vichezeo nazo ndizo hizo hazipo. Hapo mimi hutafuta karatasi za shashi, zile nyepesi za rangi wanazofungia zawadi. Zikikosekana, hata tishu ya kawaida yafaa. Leo nawapa mambo matatu ya kufanya, kisha nitasema faida yake kwetu wanachama.

Kwanza, ua. Chukua shashi 5 za mraba, sentimita 20 kila upande, uzipange moja juu ya nyingine. Zikunje zote pamoja, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila kunjo sentimita 2, mpaka upate ukanda mmoja mwembamba. Ufunge katikati kwa uzi. Kata ncha zote mbili ziwe za mviringo. Sasa mwache mtoto azikunjue, ainue shashi moja moja kuelekea katikati. Polepole jamani, zisipasuke!

Pili, mbio za samaki. Kila mchezaji akate samaki wa shashi wa sentimita 20, amchore macho na magamba, amlaze sakafuni kwenye mstari. Kisha apunge daftari kuukuu nyuma yake. Kumgusa samaki ni kosa, unarudi mwanzo. Atakayefika ukutani kwanza ndiye mshindi. Watoto hudhani nguvu ndiyo dawa, kumbe siri ni kupunga karibu na sakafu ili upepo upite chini ya samaki umwinue.

Tatu, mrija. Weka vipande 10 vya shashi kwenye sahani, vipana kuliko tundu la mrija. Mtoto avihamishe hadi sahani ya pili kwa kuvuta pumzi tu. Akivuta, kanieneo ya hewa ndani ya mrija hupungua, nayo hewa ya nje husukuma kipande kikanata. Hiyo ni fizikia bila ubao! Lakini walio chini ya miaka 3 wasicheze huu, wasije wakapaliwa.

Sasa faida yenyewe. Mdogo wangu wa miaka 5 alikuwa akichanganya Sheng na Kiingereza hata nyanya akipiga simu kutoka mashambani hawaelewani. Nikaamua kwamba mchezo wa shashi ni kwa Kiswahili tupu. Sisemi "fanya hivi" huku nikionyesha kwa kidole, nataja kitendo chenyewe: kunja, kunjua, funga, fungua, bandika, bandua. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua tunayoikariri darasani mpaka jasho litutoke. Yeye anaishika kwa vidole. Juzi aliniletea ua lake akasema, "Nikunjulie." Kutendua na kutendea kwa mpigo mmoja, wala hajui!

Nawaambia, kumwelekeza mtoto kukunja karatasi kwa maneno matupu ni mtihani hata kwetu tulio kidato cha tatu. Utagundua upesi ni vitenzi vingapi huna.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Na nyanya je? Siku hizi simu ikilia, mdogo wangu ndiye wa kwanza kuipokea. Haya, shashi hizo, wadogo hao. Kazi kwenu!