Biskuti za Nyumbani Zikae Laini

Unga wa ngano, siagi, sukari na mayai ni vitu vya kununuliwa kwa fedha, wala si kila nyumba iwezayo kuvipata kila juma. Kwa hiyo mama aokaye biskuti siku ya Alhamisi ili aziuze sokoni Jumamosi, au amfungie mtoto arudiye shule ya bweni, hupata hasara ya kweli afunguapo kopo na kuzikuta ngumu kama vigae. Aghalabu lawama hutupiwa kopo. Kopo lina sehemu yake, lakini mara nyingi biskuti huwa zimekwisha kuharibika kabla hazijatiwa humo.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi unyevu unavyosafiri. Hewa kavu huvuta maji yaliyomo katika kitu chenye unyevu. Na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kitu kikavu huunywa. Ndiyo sababu biskuti laini zikiachwa wazi Isiolo huwa ngumu upesi, na huko Mombasa biskuti kavu, zile zinazokatika kwa mlio, hulegea kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuchanganya aina hizo mbili katika kopo moja. Zile laini zitatoa unyevu wake, zile kavu zitaupokea, na zote zitaharibika.

Hata hivyo kukauka si sababu pekee. Mwaka 1852 mtaalamu Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukifungiwa mahali usipoweza kupoteza maji, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena. Jambo hilo hutokana na wanga uliomo katika unga, ambao baada ya kupoa hujikaza kidogo kidogo. Wanga hujikaza upesi zaidi katika baridi ya friji. Kwa hiyo mwenye friji asidhani kwamba amepata dawa. Katika biskuti, ambazo hazina maji mengi kama mkate, sukari nayo ina kazi kubwa. Sukari nyeupe iliyoyeyuka katika moto hurudi kuwa chembe ngumu siku zinavyopita.

Hapa ndipo asali na sukari guru zinapofaa. Vyote viwili hushika maji, navyo huizuia sukari isifanye chembe kwa urahisi. Kwa unga gramu 250, mwokaji aweza kutumia siagi gramu 125, sukari guru iliyosagwa gramu 150, asali vijiko 2 vikubwa, yai 1, nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, chumvi kidogo, na tangawizi kwa kadiri apendavyo. Unga ukitiwa usikandwe kama wa chapati; uchanganywe tu mpaka ushikane, kwa maana kukanda sana huufanya ukaze.

Kosa lililo kubwa kuliko yote hutendeka jikoni. Mwokaji hungoja mpaka biskuti iwe ngumu akiigusa, ndipo aitoe. Wakati huo imekwisha kupita kiasi. Biskuti laini hutolewa pale kingo zinapogeuka rangi na katikati bado panaonekana kana kwamba hapajaiva. Katika joto la digrii 180 za sentigredi hilo huchukua kama dakika 10 hadi 12. Bati likitolewa bado lina moto, na moto huo huendelea kuoka. Basi biskuti ziachwe juu yake dakika 5, kisha zihamishwe. Kwa anayeoka kwa makaa katika jiko la debe, ambalo halina kipimo cha joto, njia iliyo bora ni kuoka biskuti 2 kwanza kama majaribio na kuzitazama. Makaa mengi yawekwe juu, machache chini, au sivyo zitaungua tumboni na juu zibaki nyeupe.

Baada ya kuhamishwa, zipoe kabisa juu ya wavu wa waya, au juu ya ungo, zikifunikwa kitambaa chepesi na safi. Zikifungiwa zingali moto, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, hudondoka, na baada ya siku chache huota ukungu. Lakini kuziacha wazi usiku kucha ni kuzikausha kwa makusudi. Mara zinapokuwa baridi mkononi zitiwe ndani ya kopo.

Kopo liwe na kifuniko kinachobana, nalo lisiwe limewahi kutiwa mafuta ya taa au sabuni, kwa kuwa siagi hunywa harufu upesi mno. Karatasi safi iwekwe kati ya kila safu. Penye sisimizi, kopo lisimamishwe ndani ya sahani yenye maji. Katika nchi kavu huwekwa pia nusu slesi ya mkate juu ya karatasi ya safu ya mwisho. Mkate hutoa unyevu wake, na biskuti huupokea. Slesi hiyo ibadilishwe kila siku. Katika pwani haina haja, nayo yaweza kuleta ukungu. Zikiwekwa namna hii, biskuti hubaki nzuri kwa siku 4 au 5.

Zikionekana na ukungu zitupwe, hata kama inauma. Wengi hukwangua sehemu ya kijani wakala iliyobaki. Si kila ukungu una sumu, lakini hakuna awezaye kuutambua kwa macho; katika mwaka 2004 mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu yaliua watu zaidi ya 100, hasa katika nchi ya Ukambani.

Zile zilizokuwa ngumu tu, zisizo na ukungu, zaweza kuokolewa kwa kupashwa moto wa wastani dakika 3 au 4. Ziliwe zingali na moto, au zipelekwe mezani saa hiyo hiyo pamoja na chai. Zikipoa mara ya pili huwa ngumu kuliko kwanza.