Vidonge vya Usingizi Haviachwi kwa Siku Moja

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 63. Baba alipofariki mwaka juzi, mama aliandikiwa hospitalini vidonge vya diazepamu vya kumpatia usingizi. Cheti kilikwisha zamani, lakini ameendelea kununua mwenyewe katika duka la dawa, na kidonge kimoja sasa kimekuwa viwili, siku nyingine vitatu. Akivikosa hutetemeka mikono na hugombana na kila mtu. Shangazi anasema vidonge vyote vitupwe chooni, mama afungiwe chumbani juma zima, anyweshwe maziwa ya moto yenye kungumanga hadi sumu imtoke. Je, tufanye hivyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Binti yangu, vidonge visitupwe, wala mlango usifungwe. Kwani shauri la shangazi yako, ijapokuwa limetokana na mapenzi, nami siishuku nia yake, lina hatari kubwa, na nimekwisha kuona likiwafikisha hospitalini, tena kwa kuchelewa, watu ambao wangaliweza kutibiwa kwa salama na utulivu.

Asili ya shauri hili ni dhana kwamba uraibu ni sumu iliyojificha mwilini, itokayo kwa jasho na subira, na kwamba anayeshindwa kuvumilia amepungukiwa na imani au haya. Sivyo hata kidogo. Ubongo wa binadamu una uwezo wake wa kujituliza. Diazepamu huutia nguvu uwezo huo, na mtu akiimeza usiku baada ya usiku, kwa majuma na miezi, ubongo huizoea na kuupunguza utulivu wake wenyewe, mfano wa ukuta wa udongo ulioegemezwa mwega hata ukalalia juu yake: aung'oaye mwega kwa pigo moja hausimamishi ukuta, bali huuangusha.

Jambo hili limejulikana kwa matabibu tangu zamani. Mwaka 1961, miaka miwili kabla diazepamu haijaanza kuuzwa Marekani, daktari Leo Hollister na wenziwe waliwapa wagonjwa 11 dawa iliyo ndugu yake, klodiazepoksidi, kwa kipimo kikubwa, kisha wakaikatisha ghafla: wagonjwa 10 walipatwa na dalili ambazo hawakuwa nazo kabla, na wawili kati yao wakaanguka kifafa. Wala hao hawakuwa watu dhaifu wa nia, kwani hawakuwa na habari kwamba dawa imekatwa.

Tena diazepamu ina hila ya kukawia. Nusu yake huchukua takriban siku moja hadi mbili kutoka mwilini, masalio yake hukaa zaidi, na kwa mtu mwenye umri mkubwa muda huo huzidi kurefuka. Kwa hiyo jamaa waliomfungia mgonjwa humwona ametulia siku mbili tatu, wakamshukuru Mungu na kusema amepona, ilhali mashaka ndiyo kwanza yako njiani. Hapo huja jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kutoweka kabisa, hofu, kusikia sauti zisizokuwapo, na pengine kifafa, ambacho chaweza kuua. Na kwa kuwa siku zimepita tangu kidonge cha mwisho, hakuna akumbukaye kidonge. Husemwa amepandwa na pepo, hutafutwa mganga, na saa ambazo zingalimwokoa hupotea bure. Maziwa ya moto hayana dhara. Kungumanga, ikizidi, ina sumu yake yenyewe, na kiasi chochote hakijazi nafasi ya dawa iliyokatwa.

Msiseme pia kwamba dawa ya hospitali haileti uraibu, na kwamba mraibu ni kijana wa maskani avutaye unga. Diazepamu na ndugu zake zimewekwa chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 tangu mwaka 1984, kwa sababu hiyo hiyo ya kuzoewa. Kwa ukosefu wa usingizi, aghalabu haifai kupita majuma mawili hadi manne. Cheti kilichokwisha si ruhusa ya maisha, na muuzaji anayetoa dawa hii pasi na cheti anamdhulumu mteja wake. Lakini mama yako asiitwe teja. Alifiwa, akapewa dawa, na hakuna aliyemweleza mwisho wake.

Basi mpeleke hospitalini kesho asubuhi, pamoja na makasha ya vidonge, mkaeleze bila kuficha ni vingapi kwa siku, tangu lini, na dawa nyingine atumiazo. Hadi atakapoonwa asiache ghafla wala asiongeze. Daktari atampunguzia kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, na itampasa pia kuitazama huzuni yake, kwani ndiyo iliyomkosesha usingizi hapo mwanzo. Asichanganye kamwe vidonge hivi na pombe, wala na dawa kali za maumivu kama tramadoli au kodeini, maana kwa pamoja huweza kuzima pumzi. Akiinuka usiku ashikwe mkono, kwani dawa hii huwaangusha wazee na kuwavunja nyonga. Akianguka kifafa, akipotewa na fahamu, au akiwa mgumu kuamka na pumzi zake zikapungua, mpelekeni saa ile ile, hata iwe usiku wa manane.

Na wewe msomaji mwingine, ukiandikiwa dawa ya usingizi, ya wasiwasi au ya maumivu makali, usiondoke mbele ya daktari kabla hujamuuliza mambo matatu: ni ya nini, ni ya siku ngapi, na itaachwa kwa njia gani. Ukiona kipimo cha jana hakikutoshi leo, hiyo ndiyo siku ya kurudi kliniki. Wengi husubiri sikukuu ipite, au mwezi uishe, au aibu ipoe, na kila siku wanayoingoja huwaongezea kidonge na kuurefusha muda wa kuviacha. Haya ya kumweleza daktari hupita kwa dakika chache. Kifafa hakina simile.