Somo: Prosesa ya bei nafuu, kompyuta ya kujitolea na umeme wa wote



Katika vituo vya vijana tunavyovitembelea, kambini na katika mitaa inayowapokea wahami, swali moja limekuwa likiletwa kwetu mara kwa mara: je, kompyuta za kituo zinaweza kusaidia watafiti wa magonjwa walio mbali, na ni mashine gani inayofaa bila kutumalizia makuta? Vijana huuliza kwa hamu. Wazee na akina mama huuliza kwa mashaka, nao wana haki. Somo hili ni la pande zote mbili, kwa maana tumeona kamati ikigawanyika kwa sababu ya mashine tatu tu na sahani chache za sola juu ya paa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kuna hesabu za sayansi ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka mingi sana. Watafiti huzikata vipande vidogo, na kila kipande hutumwa kwa intaneti kwenye kompyuta ya mtu aliyejitolea. Mashine hupiga hesabu wakati mwenyewe haitumii, kisha hurudisha jibu. Ni salongo, lakini ile isiyo ya kulazimishwa.

Mradi uliojulikana zaidi mwanzoni ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ulifunguliwa kwa watu wote mwezi wa tano 1999, ukitafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia, na uliacha kugawa kazi mwezi wa tatu 2020. Wataalamu wa Berkeley walitengeneza pia programu ya BOINC, ambayo hutolewa bure na hutumiwa na miradi mingi. Ulio karibu na maisha yetu ulikuwa malariacontrol.net, wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Basel, Uswisi. Kompyuta za watu wa kawaida zilipiga hesabu za namna malaria inavyoenea na namna chanjo au vyandarua vingeweza kuipunguza. Mradi huo umekwisha, lakini swali lake lingali letu. Mradi mwingine ni Rosetta@home, wa kuchunguza maumbo ya protini. Kiongozi wa maabara yake, David Baker, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024 pamoja na wengine wawili.

Jambo moja linatupendeza katika utaratibu huu. Mara nyingi kipande kilekile hutumwa kwa kompyuta mbili zisizojuana, na jibu hukubaliwa zikipatana. Zisipopatana, hutafutwa ya tatu. Laiti uvumi wa njiani nao ungepitishwa hivyo kabla ya watu kuchukua panga!

Tuseme wazi pia: kazi hii hailipi. Kuna alama zinazohesabiwa, lakini alama hazinunui unga. Baadhi ya vijana wanaichanganya na bitcoin, kwa kuwa wamesikia habari za mashine za bitcoin zilizowekwa mwaka 2020 kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro, upande wa Virunga. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu akija kwenye mtaa wenu kukusanya michango na kuahidi faida kutoka kwa kompyuta ya kujitolea, ni mdanganyifu.

Hesabu wati kwanza

Muuzaji atakusifia mwendo wa prosesa. Wewe muulize inakula umeme kiasi gani. Kompyuta ya kuandikia barua hupumzika muda mwingi, lakini ya kujitolea hufanya kazi kwa nguvu saa nyingi mfululizo, kwa hiyo bei ya dukani ni nusu tu ya habari.

Tuchukue mfano. Mashine ya kwanza ni ya zamani, bei dola 60, nayo ikifanya kazi inakula wati 100. Ya pili ni ndogo, bei dola 130, inakula wati 30. Zote mbili zifanye kazi saa 8 kwa siku. Ya kwanza itatumia kilowati-saa 0.8 kila siku, yaani 292 kwa mwaka. Ya pili itatumia 0.24 kwa siku, karibu 88 kwa mwaka. Mkilipa senti 25 za dola kwa kilowati-saa moja, tofauti ni kama dola 51 kila mwaka. Zile dola 70 mlizoongeza dukani zitarudi kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha. Weka bei ya umeme ya kwenu mahali pa hiyo yetu, kisha rudia hesabu.

Kwa sola ni wazi zaidi. Sahani ya wati 100, siku yenye jua zuri, inaweza kuleta kama wati-saa 400. Mashine ya kwanza inameza sahani mbili nzima. Ya pili inatumia kidogo zaidi ya nusu ya sahani moja, na inayobaki inachaji simu za watu. Siku za mvua hesabu hii hupungua sana.

Kusoma jina la prosesa

Watu hudanganywa hapa kila siku. "Ni i5," muuzaji anasema, kana kwamba i5 zote ni ndugu. Angalia tarakimu zinazofuata. Core i5-2400 ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011. Ina viini vinne na imepimwa wati 95. Core i5-6500T ni ya kizazi cha sita, ya mwaka 2015. Ina viini vinne vilevile, lakini wati 35. Intel N100, iliyotoka 2023, nayo ina viini vinne, na kipimo chake ni wati 6 tu. Haina mbio kama prosesa kubwa za leo, lakini kwa kituo kinachotegemea jua sisi tungeitazama kabla ya nyingine. Wati hizo ni kipimo cha joto ambalo prosesa inatakiwa kuondolewa, nazo hazitaji umeme wa kompyuta nzima. Ubao, diski na kioo vina sehemu yao. Kifaa kidogo cha kupima wati kwenye plagi kitasema ukweli kuliko karatasi yoyote.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. T ni prosesa ya mezani inayobana umeme, na U ni ya kompyuta ya mkononi inayobana umeme. K hupenda umeme mwingi. Waachie wenye mkondo wa uhakika. Jihadharini hasa na F: prosesa hiyo haina sehemu ya kutoa picha, hivyo bila kadi ya ziada kioo kitabaki cheusi na kituo kitaingia gharama nyingine.

Usisadiki kibandiko kilicho juu ya kasha. Washa mashine mbele ya muuzaji na usome jina la prosesa ndani ya mfumo. Hakikisha ni ya biti 64, na kumbukumbu iwe GB 8 ikiwezekana, kwa kuwa kazi nyingine za protini ni nzito. Kuhusu Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, na Windows 11 inakataa rasmi prosesa za Intel nyingi zilizotangulia kizazi cha nane. Hilo limeshusha bei ya mashine nzuri zilizotumika. BOINC inafanya kazi kwenye Linux pia, na Linux ni bure. Wenye subira watafaidika.

Kompyuta ya mkononi hatuipendekezi kwa kazi ya mfululizo. Joto huibana, na betri yake inaweza kuvimba. Na ya mezani nayo ipanguswe vumbi, hasa wakati wa kiangazi.

Nani anaamua?

Hapa ndipo tumeona maneno makali. Mama anayesubiri zamu ya kuchaji simu, ili ajue kama mume wake alifika salama, hawezi kufurahia mashine inayopiga hesabu usiku kwa ajili ya watu wa Marekani. Na mwenyeji aliyetoa kiwanja chake anauliza kwa nini hakuulizwa. Maoni yetu ni haya: kama umeme unatoka kwa jenereta ya esansi, kazi hii isianzishwe kabisa. Kama ni sola au umeme wa maji, simu, taa za kituo cha afya na masomo ya vijana vitangulie, na kompyuta ipewe kinachobaki. BOINC inaruhusu hivyo. Inaweza kupangiwa saa za kazi, kupunguziwa nguvu, kusimama mtu anapoishika mashine, na kukaa kimya inapotumia betri yake. Saa hizo zipangwe na kamati yenye wahami na wenyeji, ziandikwe, zibandikwe mlangoni.

Kuna pia uvumi kwamba mashine inayofanya kazi yenyewe usiku inapeleka majina ya wahami ng'ambo. Uvumi huu haujibiwi kwa kicheko. Watu waliwahi kutafutwa kwa orodha katika nchi hii. Kinachotoka ni majibu ya hesabu, habari za mashine yenyewe, na anwani ya barua pepe ya aliyejiandikisha. Hata hivyo, sisi tunashikilia kwamba kompyuta yenye orodha za familia, za misaada au za mashahidi isiwekewe programu hii wala nyingine isiyo ya lazima. Mashine ya kujitolea iwe ya kujitolea tu. Mzee yeyote akitaka kuona inachofanya, afunguliwe aone.

Na vijana wakiambiwa kwamba sisi ni wa kupokea tu, wanaweza kujibu kwamba madini ya tantali, yanayotoka kwenye koltani kama ile ya milima yetu, yamo ndani ya kompyuta nyingi duniani.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Umeme wa kituo chetu unatoka wapi, na nani hakupata zamu wiki iliyopita?

Tukipata dola 150, je, tununue prosesa yenye mbio, au ndogo pamoja na sahani ya sola? Pigeni hesabu ubaoni, kila mtu aone.

Ni nani anayeshika neno la siri la kompyuta ya kituo, na wenyeji wanamjua?