Kipima-mwendo kinachosema uongo

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayepanda gari pamoja na watoto, leo tuongee juu ya ule mshale mdogo ulio mbele ya shofere. Wengi hawauangalii mpaka siku ya ajali.

Njia ya kutoka Bihambwe kupitia Mushaki hadi Sake ina mawe, matope na mashimo. Ekseli zinavunjika. Fundi anatafuta nyingine kwenye gari lililokufa, anaifunga, na gari linatembea tena. Kila mtu anafurahi. Lakini je, kipima-mwendo bado kinasema kweli?

Uongo unatoka wapi?

Katika magari mengi ya zamani, kipima-mwendo hakihesabu mizunguko ya magurudumu. Kinahesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye sanduku la gia. Ndani ya ekseli, gia ndogo inazungusha gia kubwa. Tuseme gia kubwa ina meno 37 na ndogo ina meno 9: shafti inazunguka mara 4,11 ili gurudumu lizunguke mara moja. Fundi akiweka ekseli yenye gia ndogo ya meno 10, shafti inazunguka mara 3,70 tu.

Kipima-mwendo hakijui mabadiliko hayo. Mshale ukiwa kwenye 45, gari linakimbia 50. Ukiwa kwenye 54, gari linakimbia 60. Ukifunga mipira mikubwa kuliko ya kwanza, uongo ni wa namna hiyohiyo.

Kwenye pikipiki nyingi ndogo, kipima-mwendo kinazungushwa na gurudumu la mbele. Hapo kubadilisha gia za mnyororo hakudhuru hesabu. Kubadilisha ukubwa wa gurudumu la mbele kunadhuru.

Kilometa 5 tu, kuna hatari gani?

Usiseme ni kitu kidogo. Nguvu ambayo freni zinapaswa kuizuia inapanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. 45 mara 45 ni 2025. 50 mara 50 ni 2500. Kwa hiyo freni zinapata kazi zaidi karibu kwa robo, na kazi hiyo inageuka moto. Mteremko wa kutoka Mushaki kwenda Sake ni mrefu. Gari likiwa na magunia na watu juu yake, freni zilizochoka kwa moto hazishiki tena. Shofere ataapa kwamba alikwenda polepole, naye hasemi uongo: mshale ndio uliomdanganya.

Ndiyo sababu kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inataka kipima-mwendo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kuzidisha kidogo kunaruhusiwa, kupunguza, hapana.

Pima mwenyewe

1. Chagua barabara iliyo sawa, kama ile ya lami kati ya Sake na Goma, wakati hakuna watu wengi.
2. Tafuta kilometa 1 ya kweli kwa alama za barabara au kwa simu inayopokea setilaiti. Usitumie hesabu ya kilometa ya gari hilohilo, kwani nayo imeharibika pamoja na mshale.
3. Shofere ashike mshale kwenye 45 bila kubadilisha. Mwenzake, wala si shofere, ahesabu sekunde.
4. Gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 80 ni mwendo wa 45: mshale ni mwaminifu. Sekunde 72 ni mwendo wa 50: mshale unadanganya.

Kutengeneza

Usiguse mshale wala kioo chake. Dawa iko chini, pale waya unaozungusha kipima-mwendo unapoingia kwenye sanduku la gia. Hapo kuna kigia kidogo, mara nyingi cha plastiki. Hesabu meno yake, zidisha kwa mwendo unaoonyeshwa na mshale, kisha gawanya kwa mwendo wa kweli. Mfano: meno 20 mara 45, gawanya kwa 50, ni 18. Mwombe fundi kigia cha meno 18 kinachoingiana na gia hiyo, kisha pima tena barabarani.

Gari la kisasa lisilo na waya huo linarekebishwa kwa chombo cha umeme. Likihesabu mwendo kutoka magurudumuni, ni mipira tu inayobadilisha hesabu, si ekseli.

Kigia kikikosekana, andika karatasi na uibandike karibu na mshale: 36 ni 40, 45 ni 50, 54 ni 60. Kila shofere atakayeshika gari hilo aisome kabla ya kuondoka. Ukumbuke pia kwamba hesabu ya kilometa inapunguzwa: ikisema 4500, gari limetembea 5000. Badilisha mafuta ya injini mapema.

Neno moja kwa wenye gari la magurudumu manne yenye nguvu: ekseli ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja ya gia. Zikitofautiana, usifunge nguvu ya mbele na ya nyuma pamoja, kwani gari litajivunja lenyewe.

Nawe mama, kabla ya kupanda, usione haya kumwuliza shofere: «Baba, tangu mlipobadilisha ekseli, kipima-mwendo mmekipima?» Swali hilo halimtukani mtu. Linawarudisha watoto nyumbani.