Diski Moja Inapokufa Katika Hifadhi ya Mtandao

Mwenye studio ya picha mjini Muleba, au karani wa chama cha msingi cha kahawa, huenda anatunza mafaili katika kisanduku cha diski nne kiitwacho NAS, zilizounganishwa kwa mtindo wa RAID 5. Diski hizo zikiwa za terabaiti 4 kila moja, nafasi ya kutumia ni terabaiti 12. Nafasi iliyobaki hubeba hesabu za kurejesha yaliyokuwamo katika diski yoyote itakayokufa. Diski moja tu. Ya pili ikifa kabla ya ya kwanza kubadilishwa, vyote vimepotea.

Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka, mlaji asitulie kwa sababu mafaili bado yanafunguka. Kabla ya kugusa lolote, anakili kwenye diski ya nje yale yasiyopatikana tena. Harusi ya mteja haifungwi mara mbili ili ipigwe picha. Wengi huiruka hatua hii wakidhani RAID ni nakala ya akiba. Sivyo: faili likifutwa, hufutika kotekote, na mwizi hubeba kisanduku kizima.

Kisha asome namba ya mfululizo ya diski mbovu katika ukurasa wa usimamizi na kuilinganisha na lebo. Kuchomoa diski nzima badala ya iliyokufa ni kosa jepesi kufanywa na ghali kulipia. Kama kitabu cha maelekezo hakiruhusu kuchomoa kisanduku kikiwa kimewaka, kizimwe kwanza.

Anayekwenda Bukoba kununua diski mpya ahakikishe si ndogo kuliko ya awali, hata kidogo. Aulize pia kama ni CMR au SMR. Katika SMR njia za data hupandiana kama vigae vya paa, na kuandika kwa mfululizo mrefu huwa kwa kusuasua; urejeshaji unaweza hata kukwama. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR bila wanunuzi kuelezwa. Basi maandishi ya boksi hayatoshi. Namba kamili ya modeli ndiyo ya kuchunguzwa.

Mlaji adai risiti ya EFD, na namba ya mfululizo pamoja na muda wa dhamana viandikwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Kurejesha terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua takriban saa 7 na nusu, na zaidi kisanduku kikitumika. Kiunganishwe na betri ya akiba, umeme usije ukakatika katikati ya kazi.

Diski iliyokufa asiachiwe fundi kama chuma chakavu. Vipande vya picha na hesabu za watu bado vimo. Isiporudishwa dukani kwa dhamana, itobolewe.