Kitabu Kimoja, Wasomaji Wawili

(Kabla ya somo hili isomeni sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, tangu aya ya 26 hata mwisho.)



Huko Mugunga, upande wa magharibi wa Goma, penye mawe meusi ya volkano, kitabu kimoja huweza kutumiwa na watu wengi. Mmoja husoma, wengine humsikiliza. Akiisha kusoma, huwauliza wenzake: “Mwaonaje?” Hapo kimya huingia. Huyu hutazama chini. Yule hujibu kwamba ameelewa yote, kumbe hakuelewa. Kwa nini? Kwa sababu anaona haya, anaogopa kuchekwa. Na mtu akichekwa mara moja, pengine harudi tena kwenye mafundisho. Basi kicheko kidogo chaweza kumzuia mtu asiufikie ubatizo. Jambo hili si dogo.

Mkuu wa hazina

Zamani za Mitume mtu mmoja wa Afrika alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, kwa njia ishukayo Gaza. Aliketi garini mwake akisoma kitabu cha nabii Isaya. Maandiko humwita Mwethiopia. Lakini nchi yake ilikuwa Kushi, kusini mwa Misri, mahali ambapo leo ni Sudani. Hakuwa mtu mdogo. Alilinda hazina yote ya Kandake. Na Kandake ni jina la cheo cha malkia wa nchi ile.

Filipo aliongozwa na Roho Mtakatifu kulikaribia gari lile, akamsikia anasoma. Angalieni vema: alimsikia. Siku zile wengi walizoea kusoma kwa sauti, hata wanaposoma peke yao. Filipo hakuanza kwa kufundisha. Alianza kwa kumwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Naye mkuu, mwenye gari na mali, hakuona haya mbele ya mtu aendaye kwa miguu. Alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, akamwomba apande akae karibu naye. Kisha akauliza: je, nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine?

Swali hilo lilionyesha mahali penyewe alipokwama. Kutoka hapo Filipo akamhubiri Yesu. Walipofika penye maji, mkuu aliomba ubatizo, akabatizwa, akaenda zake akifurahi. Kama angalijifanya mjuzi, kitabu kingalikuwa wazi mikononi mwake, lakini maana yake ingalibaki imefungwa.

Augustino na rafiki yake

Mtakatifu Augustino alizaliwa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 386 alikuwa mwalimu mjini Milano, naye alikuwa hajabatizwa. Siku moja alitembelewa na Mwafrika mwenzake, jina lake Ponticianus. Mgeni akaona kitabu mezani, akakichukua, akakuta ni nyaraka za Mtume Paulo. Akafurahi sana, na mazungumzo yakaanza. Ponticianus akasimulia habari za Antoni, mtawa wa Misri. Tena akaeleza jinsi watumishi wawili wa kaisari walivyokipata kitabu cha maisha ya Antoni. Mmoja alikisoma, akamwambia mwenzake yaliyomgusa moyoni. Wote wawili wakaiacha kazi ya kaisari wamtumikie Mungu.

Habari hiyo ilimchoma Augustino. Siku ile ile, bustanini, alikifungua kitabu cha Paulo, akasoma maneno machache, na moyo wake ukatulia. Wala hakuyaficha. Alimwonyesha rafiki yake Alypius mahali aliposoma. Alypius akasoma mbele kidogo, akapata neno lililomfaa yeye mwenyewe. Wote wawili walibatizwa na Mtakatifu Ambrosi usiku wa Pasaka, mwaka 387. Ukurasa ulikuwa mmoja, na kila mmoja alipata riziki yake.

Jinsi ya kuzungumza juu ya kitabu

1. Eleza kwanza kitabu kinasema nini, ndipo useme waonaje. Asiyesikiliza vema hawezi kuamua vema.

2. Sema kweli. Katika Injili ya Matayo, sura ya 20, waliofanya kazi saa moja walilipwa sawasawa na walioanza asubuhi. Mtu anayesukuma chukudu kutwa nzima, imejaa magunia ya makaa, aisikiapo habari hiyo aweza kusema: “Mwenye shamba hakutenda haki.” Je, tumcheke? La. Hata wafanyakazi wa mfano ule walinung’unika. Sasa aweza kuulizwa: Je, mwenye shamba alivunja mapatano? Na yule aliyekaa bure sokoni kwa kukosa wa kumwajiri, watoto wake wangalikula nini? Polepole ataanza kuuona wema wa Mungu. Lakini anayejibu upesi, “Ni neno zuri,” huku moyo wake unanung’unika, hurudi nyumbani na manung’uniko yake.

3. Mheshimu asiyejua herufi. Masikio yake yamesikia, na moyo wake umepima. Bibi kizee asiyeshika kalamu aweza kuona lililompita msomaji.

4. Usiyafanye maoni yako kuwa fundisho la Kanisa. Mkishindwa kupatana, mpelekeeni katekista swali lenu. Naye asipojua, asione haya kumwuliza padri.

Maswali

1. Mkuu wa hazina alikiri nini mbele ya Filipo?
2. Filipo alianza kwa neno gani, na kwa nini alifanya vema?
3. Augustino alipoisha kusoma bustanini, alimtendea nini rafiki yake?
4. Je, umewahi kumcheka mtu kwa sababu hakuelewa? Utamwendea lini?

Azimio la juma hili

Chagua sura moja ya Injili. Isome, au usomewe, pamoja na jirani mmoja. Mwambie jambo moja ulilolielewa na jambo moja lililokushinda. Kisha nyamaza, umsikilize yeye. Mwombeni Roho Mtakatifu, aliyemwongoza Filipo kulikaribia gari katika njia ya Gaza, awakaribie ninyi pia katika njia yenu.